Uzito Uko Wapi? Hotuba Kuhusu Uhandisi wa Pikipiki Nyepesi za Trayali

Haya ni maandishi kamili ya hotuba niliyoitoa mbele ya mafundi, wanafunzi wa uhandisi na wapenzi wa pikipiki. Nimeyaweka hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha, na pale ambapo maneno peke yake yasingetosha nimeongeza maelezo kidogo.

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa walimu, mafundi wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana: nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie pikipiki nyepesi za trayali, yaani mchezo wa kupita vikwazo bila kukanyaga chini, na najua kwamba wengi wenu mlipoiona mada hii mlijiuliza kuna nini cha kusemwa kwa muda mrefu juu ya chombo kisicho na siti, ambacho tangi lake huchukua lita 2 au 3 tu za petroli, na ambacho kazi yake kubwa hukifanya kiende kwa mwendo wa mtu anayetembea. Nawaelewa. Anayependa pikipiki kwa ajili ya kasi, akiiona hii hudhani imetolewa kiwandani kabla haijakamilika. Lakini naomba mnivumilie, kwa sababu sijui chombo kingine chenye injini kilichowabana wahandisi namna hii kwa swali moja tu: uzito uko wapi? Swali la uzito ni kiasi gani hata mizani inaweza kulijibu. Swali la uko wapi huchukua maisha mazima ya mtu, na baadhi ya watu hao nitawataja leo.

Kwa ambao hawajawahi kuutazama mchezo wenyewe, nieleze kwa ufupi. Mwendeshaji huingia katika kipande cha njia kilichowekewa mipaka, chenye mawe yanayoteleza, mizizi, maji yaendayo kasi au ukuta wa mwamba. Mshindani wake mkuu ni mguu wake mwenyewe. Akipita bila kukanyaga chini hupata sifuri, na sifuri ndiyo alama bora kuliko zote. Akikanyaga mara moja huandikiwa 1, mara mbili 2, mara tatu au zaidi 3. Akianguka, akitoka nje ya mipaka au akishindwa kuendelea, huandikiwa 5. Jioni alama hujumlishwa, na mwenye alama chache ndiye mshindi.

Sasa tafakarini: kanuni hiyo fupi inamtaka nini mhandisi? Katika mbio, injini yenye nguvu huweza kufidia upungufu wa mahali pengine, kwa maana kinachopotea kwenye kona hurudishwa kwenye njia iliyonyooka. Hapa hakuna njia iliyonyooka. Nguvu za farasi 15 au 20 zinatosha, na za ziada huwa kero. Mguu hushuka kwa sababu moja: chombo kimefanya jambo ambalo mwili wa mwendeshaji haukuwahi kulirekebisha. Kwa hiyo kazi yote ya uhandisi wa trayali ni kutengeneza chombo kinachokubali kurekebishwa, mapema, kwa nguvu ndogo, na mtu aliyesimama wima juu ya vikanyagio.

Angalieni hesabu hii. Pikipiki ya kawaida ya barabarani yenye kilo 200 ikibeba mtu wa kilo 70, mtu huyo ni karibu robo tu ya uzito wote. Pikipiki ya kisasa ya trayali ina kilo 65 hadi 75. Mtu yule yule akiipanda, ni nusu ya uzito wote, na mara nyingine ni zaidi ya nusu. Nani basi anambeba nani? Nani anamwongoza nani? Mkilishika jambo hilo, karibu kila kitu kingine kinachoonekana cha ajabu kwenye chombo hiki kitaeleweka. Siti iliondolewa kwa sababu hakuna anayekaa, na kwa sababu mwendeshaji anahitaji kuchuchumaa mpaka chini kabisa ili aruke pamoja na chombo. Vikanyagio vimeshushwa na kusogezwa nyuma kwa sababu ndivyo usukani wa pili. Usukani wenyewe hupinda kushoto na kulia kwa pembe kubwa sana, kiasi kwamba pikipiki inaweza kugeuka mahali ambapo gari dogo lisingeweza hata kuegeshwa.

Nije kwenye hadithi ya kwanza.

Katika miaka ya 1950 mchezo huu ulikuwa wa Waingereza, na pikipiki zao zilikuwa kubwa: injini za mipigo minne (pistoni hupanda na kushuka mara mbili kwa kila mwako) zenye silinda moja, za sentimita za ujazo 350 au 500, zilizotokana na pikipiki za barabarani kwa kupunguzwa hapa na kuinuliwa pale. Zilikuwa na sifa moja isiyopingika. Injini ile nzito iligonga polepole, na kila pigo lilisukuma tairi kidogo bila kulirusha. Mwaka 1959 Roy Peplow alishinda mashindano ya siku sita ya Uskoti, ambayo ndiyo mashuhuri kuliko yote, akiwa juu ya Triumph ndogo ya sentimita za ujazo 199. Hiyo ilikuwa dalili kwamba chombo kidogo kinaweza, lakini dalili peke yake haibadilishi viwanda.

Aliyevibadilisha ni Sammy Miller, mzaliwa wa Belfast. Yeye alipanda Ariel HT5 ya sentimita za ujazo 500, yenye namba ya usajili GOV 132, ambayo mpaka leo wapenzi wa mchezo huu huitaja kwa namba hiyo bila kuhitaji jina. Pikipiki ya aina hiyo ilipotoka kiwandani ilikuwa na takribani kilo 130. Miller aliishusha hadi karibu kilo 110. Aliishusha vipi? Hakuwa na siri yoyote. Alifungua kila kitu, akakishika mkononi, akajiuliza kina kazi gani. Chuma kilichoweza kuwa aluminiamu kikawa aluminiamu. Tangi na vifuniko vikawa vya faibaglasi. Boliti ndefu ikakatwa, na iliyokuwa nzima ndani ikatobolewa. Mafundi wenzangu, kuna mtu hapa ambaye amewahi kuipima pikipiki yake boliti moja moja? Kwa njia hiyo, na kwa kipaji chake, Miller alishinda Uskoti mwaka 1962 na tena mwaka 1964, akiwa juu ya mashine ambayo watu wengi waliamini haiwezi kupatiwa mpinzani.

Hapo ndipo alipofanya jambo lililowashangaza watu. Mwishoni mwa mwaka ule ule wa 1964 aliiacha. Alikwenda Hispania, kwa Francisco Xavier Bultó, mwanzilishi wa kiwanda cha Bultaco karibu na Barcelona, ambacho hadi wakati huo kilijulikana zaidi kwa pikipiki za mbio. Walikuwa na injini ya mipigo miwili (mwako mmoja kwa kila kupanda na kushuka kwa pistoni) ya sentimita za ujazo 244, ambayo haina vali, haina kemshafti ya kuzifungua, na kwa hiyo haina kilo zile zote zinazokaa juu kabisa ya silinda. Katika muda wa takribani wiki mbili, wakijaribu na kubadilisha, kujaribu tena na kubadilisha tena, waliitafuta pembe ya foku za mbele zinazoshika gurudumu, mahali pa vikanyagio, uzito wa flaiwili, yaani gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini, na tabia ya kabureta. Kilichotoka hapo kiliitwa Sherpa T, chenye kilo 90 na kitu. Mwaka 1965 Miller alishinda Uskoti akiwa juu yake, na kwa mara ya kwanza ushindi huo ukaenda kwa pikipiki isiyotengenezwa Uingereza.

Naomba msiichukulie hadithi hii kwamba ni ya mtu aliyepunguza kilo 20 zaidi. Kilo hizo 20 zilitoka wapi? Nyingi zilitoka juu, kwenye kichwa cha injini, na kwenye kasha zito la injini ya kizamani. Chombo kilichobaki hakikuwa chepesi tu, kilikuwa kimejikusanya katikati. Ndiyo sababu, ilipofika mwaka 1975 na ubingwa rasmi wa dunia ukaanzishwa, bingwa wa kwanza, Martin Lampkin, alikuwa juu ya Bultaco, na waliomfuata, Yrjö Vesterinen wa Ufini mara tatu mfululizo na Mmarekani Bernie Schreiber mwaka 1979, nao walikuwa juu ya Bultaco.

Hapa naomba wanafunzi mtoe kalamu, kwa sababu ndipo penye fizikia yenyewe. Pikipiki inapoinuliwa pua, au inapogeuzwa ikiwa hewani, haikatai kwa uzito wake peke yake. Inakataa kwa uzito uliozidishwa kwa mraba wa umbali kutoka katikati. Chukueni kilo 1 iliyo sentimita 20 kutoka kwenye kitovu cha uzito, kisha mwihamishe hadi sentimita 60. Umbali umeongezeka mara 3. Ukaidi wa kilo hiyo umeongezeka mara 9. Mizani haitaona tofauti yoyote. Mabega ya mwendeshaji yataiona kabla ya saa ya kwanza kuisha.

Ndiyo maana katika pikipiki hizi gramu 100 za rimu, za diski ya breki au za ekzosi ya nyuma hugombaniwa kuliko gramu 300 za kasha la gia. Ndiyo maana ekseli za magurudumu ni tupu ndani. Ndiyo maana wapo watengenezaji walioigeuza mihimili ya fremu yenyewe kuwa tangi la petroli, na ndiyo maana kampuni ya Ossa iliporudi sokoni na modeli ya TR280i iliigeuza silinda nyuma mbele, njia ya hewa ikaelekea mbele, ili kupata mpangilio mwingine wa vitu vizito kuzunguka katikati. Wengine waliuona mpangilio ule kuwa wa kujionyesha. Mimi nauona kuwa swali la kweli lililoulizwa kwa uaminifu, ingawa wengine wachache tu walilifuata.

Na fremu je? Wengi huamini kwamba fremu ya aluminiamu ni nyepesi kwa kuwa aluminiamu ni nyepesi. Tulichunguze hilo. Aluminiamu ina karibu theluthi moja ya uzito wa chuma kwa ujazo ule ule. Lakini ugumu wake dhidi ya kupinda nao ni theluthi moja tu. Ukigawanya kimoja kwa kingine, metali hizo mbili zinakaribia kulingana. Faida ya aluminiamu huja pale mhandisi anapotumia wepesi huo kutengeneza bomba pana zaidi au lenye ukuta mnene zaidi, kwa sababu upana ndio unaoleta ugumu. Ukitengeneza bomba la aluminiamu lenye vipimo vile vile vya bomba la chuma, umetengeneza fremu dhaifu. Kwa hiyo msishangae kwamba hadi leo katika ngazi ya juu kabisa ya mchezo huu zipo pikipiki za fremu za aluminiamu, kama Montesa na Beta, na zipo za mabomba membamba ya chuma cha kromu na molibdenamu, kama Gas Gas, na zote hushinda.

Kuna hadithi nyingine ya fremu ambayo si ya trayali, ni ya jirani yake, motokrosi, yaani mbio za pikipiki kwenye njia za udongo, lakini kila mtu wa uzito mwepesi anapaswa kuijua. Mwaka 1966 kampuni ya BSA ya Uingereza ilimtengenezea Jeff Smith, bingwa wa dunia wa 1964 na 1965, pikipiki yenye fremu ya titani. Titani ni metali nzuri mno: ina nguvu za chuma kizuri kwa uzito unaozidi nusu yake kidogo tu. Kwenye karatasi ilikuwa jibu la kila kitu. Uwanjani fremu zilipata nyufa, na hapo ndipo ilipodhihirika kwamba titani haichomelewi kando ya njia kama chuma. Inataka gesi ya kuikinga isiguswe na hewa ikiwa ya moto, inataka usafi, inataka subira. Fundi mwenye mtungi wake wa kawaida hakuwa na la kufanya. Leo kanuni za shirikisho la kimataifa la pikipiki, FIM, haziruhusu titani kwenye fremu, foku, usukani wala ekseli za magurudumu. Imebaki pale ambapo ikivunjika haimuui mtu, kama kwenye ekzosi.

Ndugu zangu, sasa niende kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote, ambalo linaonekana kupingana na kila nililosema. Katika chombo hiki ambacho kila gramu hutafutwa na kuondolewa, kuna kitu kimoja ambacho wahandisi wamekiweka kizito kwa makusudi. Kitu hicho ni flaiwili.

Niwaonyeshe kwa karibu. Mwendeshaji amesimama mbele ya jiwe lenye wima wa mita 1, chombo kimetulia, gurudumu la mbele liko nusu mita kutoka kwenye jiwe. Kidole kimoja cha mkono wa kushoto kiko kwenye klachi, kidole kimoja cha mkono wa kulia kiko kwenye breki. Anashuka magoti mpaka makalio yanakaribia kuligusa tairi la nyuma. Injini inanguruma juu huku klachi imebanwa. Kisha, kwa wakati mmoja, kidole cha kushoto kinaachia, magoti yananyooka, gurudumu la mbele linapanda, tairi la nyuma linaligusa jiwe chini ya ukingo na kujibana humo kwa sehemu ndogo ya sekunde, na mtu na chombo wamesimama juu. Sauti ya injini tayari imeshashuka. Mtazamaji hudhani injini ndiyo iliyomrusha.

Tufanye hesabu. Mtu wa kilo 70 na chombo cha kilo 70, kuinuka mita 1: nishati inayohitajika ni takribani jouli 1,370 (jouli ni kipimo cha nishati). Mwendo wa kutembea, tuseme mita 1.5 kwa sekunde, una jouli 160 tu kwa uzito huo wote. Zilizobaki zinatoka wapi? Sehemu ni misuli ya miguu ya mwendeshaji. Sehemu ni injini, lakini injini ndogo iliyo kwenye mzunguko wa chini haiwezi kuzitoa zote kwa kufumba na kufumbua. Zinazobaki zimetoka kwenye flaiwili. Flaiwili ni kibubu: injini imetia humo kidogo kidogo, na klachi ndiyo inayokivunja kwa mara moja. Na kwa kuwa nishati ya kitu kinachozunguka hukua kwa mraba wa mzunguko, mwendeshaji akiuongeza mzunguko wa injini mara 2 amejiwekea akiba mara 4. Kwa kulinganisha, ile Ariel ya kilo 130 na mtu wake ingehitaji karibu jouli 1,960 kwa jiwe lile lile. Tofauti hiyo ndiyo inayofafanua kwa nini vikwazo vya leo vingeonekana wendawazimu kwa watu wa mwaka 1955.

Flaiwili ina kazi ya pili, nayo ni ya kimya zaidi. Kwenye mwamba wenye utelezi, injini nyepesi huongeza mzunguko kwa ghafla kila mkono unapotetemeka, na tairi hupoteza mshiko. Flaiwili nzito hulainisha mtetemo huo na kuzuia injini isizimike kwenye mwendo wa chini. Lakini ikizidi uzito, injini inakuwa mvivu: haipandi inapotakiwa na haishuki inapotakiwa. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji huuza pete za uzito za kuongeza au kupunguza, ili kila mwendeshaji ajichagulie, na wanaoanza mara nyingi huongeza huku mabingwa wakipunguza.

Na klachi? Klachi ya pikipiki ya kawaida hutumika kuondokea na kubadilishia gia. Hii ya trayali hutumika kila sekunde. Ni lazima ivutwe kwa kidole kimoja kwa saa nyingi bila mkono kuchoka, ishike yote kwa ghafla inapoachiwa, na isibadilike ikipata moto. Ndiyo sababu hutumia mafuta ya haidroliki badala ya waya, na pikipiki nyingi zimeacha springi nyingi ndogo na kuchukua springi moja ya sahani. Mkinionyesha pikipiki ya trayali iliyotumika na kuniuliza kama inafaa kununuliwa, sitaangalia rangi yake. Nitaibana klachi na kuiachia mara kadhaa.

Juu ya matairi nitakuwa mfupi, ingawa wenye mapenzi nayo hawatanisamehe. La nyuma lina upana wa inchi 4 kwenye rimu ya inchi 18. La mbele ni jembamba, 2.75 kwa 21. Upepo wake ndio unaowashtua watu: karibu bari 0.3 nyuma na 0.4 mbele, bari ikiwa kipimo cha shinikizo. Tairi la gari dogo lina bari 2 na kidogo. Kwa upepo mdogo hivyo tairi hulala juu ya jiwe na kulikumbatia badala ya kuligonga. Tyubu isingeweza kuvumilia. Ingebanwa kati ya rimu na jiwe, au tairi lingejizungusha kwenye rimu na kuing'oa vali. Kwa hiyo tairi la nyuma halina tyubu, na rimu yake imetengenezwa kwa namna ambayo spoku hazipenyi mpaka ndani ambako upepo unakaa. Kitu kidogo, sivyo? Lakini kabla hakijapatikana, mshiko tunaouona leo haukuwezekana.

Mahali ambapo tairi linaishia, shokapu inaanzia, na hapo kuna historia ya ubishi. Wakati Royal Enfield ilipopeleka kwenye trayali pikipiki yenye springi nyuma, mwishoni mwa miaka ya 1940, wataalamu wengi walisema fremu isiyo na springi ndiyo inayoshika chini vizuri zaidi. Walikuwa na hoja, kwa kuwa springi mbaya hurudisha pigo na kumtupa mtu. Johnny Brittain aliwajibu kwa kushinda Uskoti mwaka 1952 na 1957 akiwa juu ya Royal Enfield. Miaka 20 baadaye ubishi ulirudi kwa sura nyingine, safari hii ukihusu shokapu moja au mbili. Mick Andrews, aliyekwisha kushinda Uskoti mara tatu kwa Ossa, alishinda tena mwaka 1974 na 1975 kwa Yamaha, kampuni iliyokuwa ikiijaribu shokapu moja. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 Yamaha ilikuwa ikiiuza kwa umma pikipiki ya namna hiyo, na shokapu mbili zikabaki kwenye madaraja ya pikipiki za zamani.

Nimewaeleza mengi yanayosifia wepesi. Sasa niwape hadithi inayowatia mashaka wanaoabudu mizani, nami nisingependa muondoke bila kuisikia.

Mwaka 1982, 1983 na 1984 bingwa wa dunia alikuwa Mbelgiji Eddy Lejeune, na alipanda Honda ya mipigo minne, wakati dunia nzima ilikuwa imehamia mipigo miwili. Baada yake, injini ya mipigo minne haikupata tena ubingwa huo mpaka mwaka 2007. Tangu 1984 hadi 2007! Mtu angeweza kusema kwa haki kabisa kwamba hoja imekwisha. Kisha Honda, ambayo ndiyo mmiliki wa Montesa, ikatoa mwaka 2005 Cota 4RT, ya mipigo minne, inayopuliza petroli kwa mfumo wa kielektroniki, na isiyo na betri. Betri iliondolewa kwa sababu ya uzito. Umeme wa kuamsha pampu na kompyuta hupatikana kwenye pigo lile lile la kiki. Pamoja na ustadi huo wote, bado ilikuwa nzito kuliko washindani wake wa mipigo miwili. Mwaka 2007 Toni Bou aliipanda akawa bingwa wa dunia, akaanza mfululizo wa ubingwa uliovuka miaka 15.

Je, Bou angeshinda kwa pikipiki nyingine yoyote? Huenda. Ni mtu wa pekee. Lakini ukiitazama mashine yenyewe utaona kwamba kilo za ziada zimewekwa chini na katikati, kwamba nguvu zake huja kwa mpangilio anaoutarajia, na kwamba tairi hupata nafasi ya kushika kati ya pigo moja na jingine. Mizani ilisema ni ya pili. Mwamba haukukubaliana na mizani.

La mwisho ni la umeme, na naona vijana waliokuwa wamelala wameamka. Mwaka 2017 FIM ilianzisha kombe la trayali kwa pikipiki za umeme, na mwaka 2018 Yamaha ilimpeleka Kenichi Kuroyama wa Japani akiwa na TY-E, yenye fremu ya nyuzi za kaboni. Betri ni nzito, hilo halina ubishi. Hata hivyo ni sanduku ambalo mhandisi anaweza kuliweka katikati kabisa ya chombo. Halichezi ndani kama petroli, na uzito wake haubadiliki kadiri siku inavyokwenda. Mota haihitaji gia, na nguvu yake huja papo hapo. Kwa mantiki ya kawaida klachi ilipaswa kufa siku hiyo. Lakini TY-E ilikuja na klachi. Ufaransa, kampuni ya Electric Motion, iliyojulikana kwa pikipiki za umeme za aina hii, nayo iliweka klachi ya haidroliki kwenye baadhi ya modeli zake, na ikaongeza mpangilio unaoifanya mota iendelee kuzunguka polepole chombo kikiwa kimesimama, bila haja yoyote ya kimakanika, ili mwendeshaji akibana klachi na kuiachia mbele ya jiwe awe na kitu kinachozunguka cha kuachia.

Mwenyekiti, naona mikono imekwisha kuinuliwa upande wa mafundi, na nadhani swali la kwanza ni la klachi. Karibuni.